Kitanda cha Nakshi na Bwana Mkwiji

Alikuwako Mize, mfupi wa kimo na mrefu wa maneno, aliyejitolea pamoja na wanakijiji wenzake kutunza makumbusho yao ya mambo ya kale. Siku moja aliingia Bwana Mkwiji, tajiri mwenye hoteli na mwenye kiwanja kile, akashika kitanda cha nakshi.

"Hiki nakichukua, kikalaliwe na maharusi hotelini kwangu. Mkikataa, hameni na vinu vyenu!"

"Nani akukatalie wewe, bwana mkubwa? Ila kilalie kwanza, uone kama kinakufaa."

Mkwiji akajitupa kitandani. Mize akamnyoosha miguu taratibu, akamweka mikono ubavuni.

"Mbona kinanuka kafuri?"

"Kafuri haikosekani hapa, bwana."

"Na waliokilalia walisemaje?"

"Hakuna aliyeinuka akalalamika." Mize akageukia mlangoni, akamwita mzee mmoja wa wenzake. "Mama Siwema! Lete maji ya vuguvugu na ile shuka nyeupe!"

"Kumbe cha kuoshea maiti!" Mkwiji aliruka, akatoka mbio, kiatu kimoja mkononi. "Kaeni nacho! Na kiwanja kaeni nacho, sikanyagi tena hapa!"

Mama Siwema akaja na beseni. "Kwani nani amekufa?"

"Hajafa mtu, mama. Tunakifuta vumbi na kukifunika, kitanda chako cha arusi."

"Basi hiyo kafuri ipunguze, mwanangu. Wadudu wa mbao walikwisha zamani."

"Alibaki mmoja mkubwa," Mize akasema. "Ndiyo kwanza ametoka."