Mnyama Asiyeonekana wa Mji wa Jotoni

Ngano, ngano!

— Twanga!

Ya unga?

— Ya maneno!

Msagaji nani?

— Wewe!

Na walaji?

— Sisi hapa!

Haya, sogeeni. Aliye mlangoni aingie ama atoke, asinizibie upepo.

Zamani, si zamani sana, palikuwa na mji katikati ya jangwa ukiitwa Jotoni. Jua la Jotoni lilikuwa kali hata mijusi walikuwa wakisimama kwa zamu, miguu miwili chini, miwili juu inapoa. Mto hakuna. Mti wa kivuli hakuna. Lakini watu walikuja kutoka miji ya mbali kuutembelea, kwa sababu Jotoni palikuwa na bustani ya wanyama.

Ukiingia langoni, unapandishwa ngamia, unazungushwa, unashuka kiuno kikiuma lakini unacheka. Ukisogea mbele unawaona kozi wakirushwa angani, fyuuu, kisha wanarudi kutua mkononi kwa mtunzaji. Ukisogea tena, mbuni wanakukodolea macho. Ukisogea tena, paa na watoto wao. Na mwisho wa njia, bwawa. Na ndani ya bwawa, Kiboko.

Hapo ndipo watu walipokuwa wakijazana. Kiboko jangwani! Wageni walipiga makofi, wakamrushia matikiti maji mazima mazima. Kiboko anafungua kinywa, kwaa! Tikiti linaingia, kacha! Analimeza, gudu! Anafungua tena.

Kwa kupendwa huko, Kiboko akaota kiburi, na kiburi kikaota uchoyo. Maji ya bustani yalikuwa yakitoka kisimani, yanaingia bwawani, halafu yanapita kwenye mfereji mmoja kwenda kwa wanyama wengine wote. Kiboko akawaza, "Kila tone linalotoka hapa ni tone langu." Akarudi nyuma, akaketisha makalio yake kwenye mdomo wa mfereji. Ndi! Mfereji ukaziba.

Kiboko kakaa?

— Kakaa!

Paa akaja na mwanawe, midomo imempasuka kwa kiu. "Bwana Kiboko, tuachie maji, mtoto anaumia."

Kiboko akasema, "Pfuuu! Maji yangu."

Mbuni akaja, shingo imelegea kama kamba. "Bwana Kiboko, tuachie maji."

Kiboko akasema, "Pfuuu! Maji yangu."

Ngamia hakwenda. Ngamia alisema, "Mimi? Mimi sina kiu, mimi ni ngamia." Lakini walimwona nyuma ya banda akilamba ukuta.

Mtunzaji wa bustani alikuwa bwana mmoja mwembamba, jina lake Galgalo. Galgalo alichukua ufagio wa mpini mrefu akajaribu kumsukuma Kiboko. Kiboko akafungua kinywa, kwaa! Galgalo akaliona koo mpaka tumboni. Alitoka mbio, akaacha kandambili moja. Tangu siku ile akawa anawapelekea wanyama maji kwa ndoo, lakini ndoo moja na kiu ya bustani nzima, wapi na wapi?

Sasa, chini ya ukuta wa bustani ile alikuwa akiishi Bi Kalunguyeye. Hakuna aliyemleta, aliingia mwenyewe kwa kuchimba. Hakuna mgeni aliyekuja kumtazama. Mdogo kama boga changa, miiba mgongoni, pua mbele, na ulimi haujui kupumzika. Na yeye alikuwa na wanawe, na wanawe walikuwa wanalia kiu.

Akaenda bwawani kwa adabu zote. "Shikamoo Bwana Kiboko."

"Marahaba. Unataka nini, brashi wewe?"

"Maji kidogo, bwana. Usogee tu kidogo, kidole kimoja."

"Pfuuu!" Kiboko alimpulizia maji ya pua, Bi Kalunguyeye akabingirika, biringi biringi biringi, mpaka ukutani. Akajikunjua. Akajilamba yale maji usoni, maana yalikuwa maji. Akasema, "Ala! Kumbe ndiyo hivyo." Alikuwa amekasirika, na akikasirika huwa anatabasamu.

Pale bustanini palikuwa na zizi tupu. Alikuwemo faru, akahamishiwa mji mwingine. Lilibaki banda la mawe, giza tupu ndani, na kidirisha kidogo cha kuchungulia. Bi Kalunguyeye akakokota mtungi uliovunjika shingo, akaingia nao bandani. Wageni walipoanza kupita, akaingiza pua mtungini, akavuma:

"Vuuuuu! Vuuuuu!"

Akapita mama mmoja mnene, Bi Hadiya, na mumewe Bwana Wario, wamebeba tikiti lao.

"We Galgalo!" Bi Hadiya akaita. "Humu mna mnyama gani?"

Galgalo hakujua. Lakini mtunzaji atasemaje kwamba hajui mnyama wake? Akakohoa. "Humu, mama… humu mna yule… asiyeonekana."

"Haonekani kwa nini?"

"Hapendi."

"Vuuuuu!" mtungi ukavuma.

"Mume wangu, umesikia? Hapendi!" Bi Hadiya akasukuma kichwa dirishani, akatazama giza kwa muda mrefu. Alipotoa kichwa, watu walikuwa wamejaa nyuma yake wakimngoja aseme. Angesema hakuona kitu? Akasema, "Ana mkia."

"Mkia!" Bwana Wario naye akachungulia. "Miwili!" akasema.

Basi! Kesho yake mji mzima uko dirishani. Huyu kaona pembe. Yule kaona manyoya ya kijani. Mzee mmoja alisema alimjua mnyama yule tangu ujana wao. Na matikiti yakawa yanaingia dirishani, pu! pu! pu! Bi Kalunguyeye akayatoboa, akayabingirisha kwa kiwiko mpaka kwa paa na mbuni. Hata ngamia alikula. Alisema anaonja tu.

Bwawani, Kiboko alifungua kinywa, kwaa! Hakuna kitu. Akafungua tena, kwaa! Inzi mmoja. Wageni walikuwa wanampita hawageuki. Kiboko akaita, "Bi Kalunguyeye! Njoo hapa! Watu wanakwenda wapi?"

"Shikamoo bwana. Wanakwenda kwa asiyeonekana."

"Ni nani huyo?"

"Sijui, bwana. Haonekani."

"Anakula?"

"Matikiti yote."

"Yote?"

"Na maganda."

Tumbo la Kiboko likaguna. "Ni mkubwa kuliko mimi?"

"Wanaomwona wanasema hivyo."

"Nitakwenda kumtoa leo hii!"

"Umechelewa, bwana. Ameondoka alfajiri, kaenda arusini kwa ndugu yake. Zizi li wazi. Yeyote atakayeingia, matikiti yake." Bi Kalunguyeye akakuna sikio. "Lakini kazi ile haikufai. Kutoonekana kunataka kipaji. Na wewe, usinielewe vibaya, unaonekana mno."

"Mimi?" Kiboko akanguruma mpaka bwawa likachemka. "Mimi naweza kutoonekana kuliko mnyama yeyote wa bustani hii!"

"Sidhani."

"Utaona!"

"Nitaonaje, bwana, kama huonekani?"

Kiboko hakungoja zaidi. Aliinua makalio, chubwii! Akatoka bwawani, tifu, tifu, tifu, mpaka zizi la faru. Akajibana mlangoni, mbavu huku, mbavu kule, akaingia. "Naonekana?" akauliza kutoka gizani.

"Nani anasema?" Bi Kalunguyeye akajibu. "Sioni mtu."

Kiboko akafurahi sana.

Galgalo alikuwa kasimama hapo na ndoo yake. Aliweka ndoo chini, akateremsha komeo la chuma mlangoni. Kating! Tangu kandambili ile, hakuwahi kusikia mlio mtamu kama huo.

Na mfereji je? Churururu! Maji yakaenda kwa paa, yule mtoto akanywa mpaka tumbo likalia. Churururu! Yakaenda kwa mbuni, shingo zikasimama. Churururu! Yakaenda kwa ngamia, naye akanywa tangu asubuhi mpaka jua la utosi, akasema anawasaidia tu wenzake, yasimwagike.

Jioni wageni wakaja dirishani. Bi Hadiya alikuwa wa kwanza, kama kawaida. Akachungulia, akaona pua kubwa, mashimo mawili yanapumua.

"Jamani! Leo anaonekana! Kafanana na kiboko!"

Bwana Wario akachungulia. "Kafanana kidogo. Lakini kiboko ni mnene kuliko huyu. Na sura ya kiboko ina heshima."

"Kweli," watu wakasema. "Huyu ni mbaya wa sura, maskini."

Mle ndani Kiboko alikuwa anatetemeka kwa hasira. Akisema neno, matikiti yamekwisha. Asiposema, wanamtukana. Akavumilia. Akavumilia. Kisha Bwana Wario akasema, "Hata meno, kiboko ana mazuri zaidi," na hapo Kiboko akashindwa.

"Ni mimi!" akanguruma. "Ni mimi mwenyewe! Mimi ndiye Kiboko!"

Watu wakatazamana.

Bi Hadiya akashika kifua. "Lo! Anaiga mpaka sauti!"

Makofi yakapigwa mpaka kozi wakaruka. Kadiri Kiboko alivyoapa kwamba ni yeye, ndivyo walivyosema anaiga vizuri. Tikiti moja tu liliingia dirishani siku ile, nalo lilikuwa bovu.

Galgalo hakuwa mtu wa roho mbaya. Alimchimbia bwawa dogo mle zizini, akauvuta mfereji mpaka kwake, baada ya paa, baada ya mbuni, baada ya ngamia. Maji yanamfikia wa mwisho, yana vuguvugu, na mara nyingine yana unyoya wa mbuni. Anayanywa.

Na bwawa kubwa? Wageni wakiuliza alipo Kiboko, Galgalo anasema kasafiri. Ukitazama vizuri kwenye kingo zake saa ya joto, utawaona Bi Kalunguyeye na wanawe wamelala chali, matumbo juu, miguu majini.

Sasa watoto, mafunzo. Ngano hii inatufundisha kwamba uongo ni kitu kibaya sana. Bi Kalunguyeye alisema uongo, akapata bwawa. Galgalo alisema uongo, akapata raha. Bi Hadiya na mumewe walisema uongo, wakaheshimiwa mji mzima. Msema kweli alikuwa mmoja tu, yule aliyesema, "Ni mimi Kiboko." Basi, nendeni mkawe wakweli kama yeye.

Nimemaliza. Aliyelala aamshwe, aliyeamka akalale.