Kikuba cha Bi Zuwena

Ua la kutoa halinuswi. Methali hiyo mmeisikia asubuhi, shangazi yenu alipomkemea Hemedi aliyempa nduguye baiskeli na bado kila siku anaenda kuikagua. Sasa mmenizunguka mnataka asili yake. Haya, kaeni, na asinikatize mtu, maana chanzo chake ni msiba.

Hapo zamani kidogo, Mkunazini, mjini Unguja, alikuwapo mtunga maua akiitwa Bi Zuwena. Bibi harusi hakutoka bila kikuba chake, kile kishada cha maua cha kubandika kifuani. Asumini, rihani na mkadi vikipita mikononi mwake, wallahi, hata wapita njia walisimama. Alikuwa na binti mmoja tu, Raya, mchumba wa Seif. Zikiwa zimebaki siku tatu harusi ifike, homa ikamchukua Raya. Kikuba chake kilikuwa kimeshatungwa.

Tangu hapo mikono ya Bi Zuwena ikagoma. Kila alipoinua asumini aijaribu harufu, kama wafanyavyo watunga maua wote, alimnusa mwanawe, na uzi ukamtoka mkononi. Miaka miwili hakutunga hata kimoja. Ndipo Seif akaposa kwingine, na mama wa bibi harusi, maskini, akaja kuomba kikuba, harusi ingali miezi mbele.

"Toka!" Bi Zuwena alimpigia kelele. "Kaburi la mwanangu halijakauka, mnanijia na harusi!"

Baadaye aliona haya hata kuchungulia dirishani. Mumewe, Mzee Nassor, aliona mke anamwishia hivi hivi. Akamkatia tiketi ya meli mpaka Silani, ndiyo Sri Lanka ya leo, kwa Somavati, shoga yake wa utotoni, binti wa sonara aliyekulia Unguja kabla jamaa zake hawajarudi kwao.

Somavati alikuwa Mbudha. Siku moja alimchukua mpaka hekalu moja la kale, ambalo watu wa dini yake huhiji kutoka miji ya mbali.

"Mimi ibada yenu simo," Bi Zuwena alimtahadharisha. "Nakusindikiza tu."

"Najua, shoga. Hebu nishikie maua nivue viatu."

Ilikuwa sinia ya maua meupe. Mkono wa mtunga maua nao hauna adabu: ukachukua moja, ukalipeleka puani.

"A-a, Zuwena! Hayo hayafai tena!"

"Nimekosa nini? Si nimenusa tu?"

"Kwetu ua la kutoa halinuswi. Ukilinusa umeshachukua chako, unakwenda kutoa makombo."

Somavati akaenda kununua mengine. Bi Zuwena akajikalia mchangani. Mahujaji waliovaa nyeupe walipita, wakaweka maua juu ya jiwe, wakaondoka bila kugeuka. Yaliyoletwa alfajiri yalikuwa yamekwisha kunyauka, na mwanamke mmoja aliyafagia polepole. Hakuna aliyeyalilia. Bi Zuwena ndiye aliyelia, kilio alichokuwa amekibana miaka miwili.

"Nisamehe," Somavati alisema aliporudi. "Sikukusudia kukuudhi."

"Hukuniudhi. Siku ya mazishi nilisema sote ni wa Mungu, na kwake tutarejea. Nilisema kwa mdomo tu, Soma. Raya nimemtoa, na kila siku namnusa."

Walikaa pale mpaka alasiri. Huzuni haikwisha, msidanganyike, ya mtoto haiishi. Ila moyo ulitulia. Akashtukia vidole vyake vinasokota uzi usiokuwapo, na akakiona kikuba ambacho hajapata kukitunga: asumini zisizochanua bado, duara la rihani, na katikati pameachwa patupu.

Aliporudi Unguja, kabla hata ya kufungua sanduku, alikwenda kwa mama wa bibi harusi kuomba radhi. Siku ya harusi akaja na kikuba kile kile cha katikati patupu, kakibeba mbali na mwili, uso kaugeuzia pembeni, machozi yanamchuruzika. Wanawake waliokuwa wakipiga vigelegele wakampisha njia.

"Bi Zuwena," mama mtu aliuliza taratibu, "mbona hata hukunusa ukajua kama yamekolea?"

Bi Zuwena akamgeukia bibi harusi wa Seif. Alimpachika kikuba kile kifuani, akamshika mashavu kwa mikono miwili.

"Ua la kutoa, mwanangu," alimwambia, "halinuswi."