Mashine ya Fundi Mghanga

Ufundi usioelezwa huzikwa na mwenyewe. Mmeisikia methali hii leo, vijana wangu, mkauliza nani aliisema kwanza. Tulieni basi, ingawa si kisa cha kuchekesha. Chimbuko lake ni shule moja ya wasioona huko milimani Taita.

Shule hiyo ilipewa msaada wa mashine kuukuu ya kuchapa nukta nundu, yale maandishi ya kusomwa kwa vidole. Kompyuta za shule nazo zilitumia mfumo huria, ule ambao msimbo wake, yaani maagizo yanayoiendesha kompyuta, uko wazi kwa yeyote. Mashine na kompyuta hazikuelewana hata kidogo. Mwalimu Wakesho wa kidato cha nne alishakata tamaa, ndipo Fundi Mghanga, aliyezitunza kompyuta hizo, alipojifungia chumbani akaandika kiendeshi, yaani programu ya kuzipatanisha. Siku mashine ilipoanza kugonga karatasi, Wakesho alilia kwa furaha.

Shule nyingine zenye mashine kama ile zikaomba maelezo. Wakesho akamsihi fundi aandike, hata kurasa mbili tu. Mghanga hakuwa mchoyo, Mungu shahidi. Kosa lake ni kuamini kwamba kilicho wazi kimekwisha kuelezwa.

"Mwalimu, msimbo si nimeuweka mtandaoni? Mwenye macho ataona."

"We Mghanga, habari za macho unazileta shule hii?"

Wakacheka wote wawili, yakaishia hapo.

Muhula wa mwisho, kiharusi kikamwangusha Mghanga, kikachukua ulimi wake na mkono wa kulia. Haukupita muda, kompyuta iliyoiendesha mashine ikafa. Ikaletwa nyingine yenye toleo jipya la mfumo, na mashine ikaanza kugonga nukta zisizo na maana. Mitihani ilikuwa mlangoni.

Wakesho akamwita fundi mwingine kutoka Voi. Akausoma msimbo mpaka jasho likamtoka.

"Mama, yote yako wazi na nayasoma. Lakini hapa kaiambia mashine isubiri, pale kaiambia irudi nyuma. Kwa nini? Hakusema. Nikikosea, sindano za kugongea nukta zitavunjika, na spea zake hazipatikani tena."

Wakesho akaenda kwa Mghanga, akaketi kando ya kitanda.

"Ndugu yangu, pale mashine inapongoja, inangoja nini?"

Mghanga akafungua kinywa. Sauti ilitoka, neno halikutoka. Jibu alikuwa nalo, Wakesho aliliona usoni mwake. Mkono wa kushoto ukakwaruza shuka, ukakwaruza tena, kisha ukalegea. Machozi yakamtiririka hadi masikioni, na mwalimu hakuwa na la kufanya ila kuyafuta. Wiki ile ile akafariki.

Wanafunzi walihudhuria maziko wakiwa wameshikana mabega. Miongoni mwao alikuwamo Mwandoe, aliyetamani kuwa wakili. Kwa kukosa karatasi mpya za nukta nundu, alikuwa akirudia zile za zamani mpaka nundu zikalala, vidole vikawa vinapita patupu. Udongo ulipoanza kuanguka juu ya jeneza, akauliza kwa sauti ndogo:

"Mwalimu, sasa nani ataitengeneza mashine yetu?"

Wakesho akamjibu:

"Hakuna, mwanangu. Ndiyo hii tunayoifukia."

Mwandoe alianguka mtihani ule, na uwakili haukuwa wake. Mashine ingali stoo, imefunikwa gunia, nzima kabisa. Watu wa kule, wakimwona fundi anayesema "kila kitu kiko wazi" kisha anakwenda zake, humwambia alivyosema Wakesho njiani akitoka makaburini: ufundi usioelezwa huzikwa na mwenyewe.