Kofia ya Mashavu na Kioo Kisicholiza

Apeni kwanza kwamba hili hamtalitoa nje. Apeni! Mashavu aliniapisha mimi, nikaapa vizuri tu, na tangu asubuhi nimeshawasimulia watu wanne. Nyinyi ndio wa tano.

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi, Mashavu alikuwa akichapa kadi za harusi dukani kwake Pangani. Akikaa mbele ya kompyuta, machozi yanamtiririka. Akichapa jina la bwana harusi, analia. Akichapa la bibi harusi, analia. Wateja wakaanza: "Huyo mumewe anaongeza mke!" Mumewe, Mwinyikombo, akacheka mbele yao: "Macho ya kudeka tu hayo."

Hasira zikampanda Mashavu. "Haya! Atakayenipatia kioo cha kompyuta kisichoniliza, nitamvika kofia niliyoshona kwa mkono wangu miezi minane!"

Lo! Kofia ya mke wa mtu kichwani mwa mwingine? Mji ukakaa mkao wa kula.

Akaja fundi Mbaruku na vioo vitatu. Kioo cha kwanza akakitazama kwa kamera ya simu, akaona mistari inapita. "Kinapepesa hiki, kitakuumiza." Cha pili kikang'aa, mtu anajiona mpaka meno. Cha tatu hakipepesi, hakimeremeti. Akakiacha hapo mezani. Machozi yakapungua.

Akaja wifi yake, Mize. "Wifi, dirisha umelipa mgongo, jua lote linapiga kioo! Shika meza huko." Wakaigeuza. Machozi yakapungua tena.

Wiki haikuisha, macho makavu! Mashavu anachapa huku anaimba.

"Kofia yangu," akasema Mbaruku. "Bila kioo, meza ingefaa nini?"

"Kofia yangu mimi, nikamvike mume wangu," akasema Mize. "Kioo chako si kilikuwa kinamliza mpaka nilipofika?"

Wakabishana hivyo adhuhuri moja, Mashavu katikati yao ametoka kuswali, umati nyuma. Wakasukuma mlango wa duka. Mwinyikombo huyo, kainama, kidole kwenye kitufe cha kioo!

"Ehe, kaka! Unaharibu nini hapo?" akauliza Mize.

Mwinyikombo akainuka. "Siharibu. Kila adhuhuri nateremsha mwanga kidogo, ule weupe naufanya wa manjano usimchome macho, taratibu asishtukie. Ningesema, mngenicheka. Na kofia ile, jamani, ilipimwa kichwa changu!"

Watu wakaangua kicheko. Mashavu kashika kofia, anageuka huku, anageuka kule. Yuko aliyechagua kioo, yuko aliyegeuza meza, yuko aliyemcheka hadharani akamtuliza kimyakimya. Je, ingekuwa nyinyi, mngeivika kichwa cha nani?