Sauti ya Nne Katika Kaseti

Hapo zamani, si zamani za mababu bali zamani za kaseti, vijana watatu wa Kitale walipiga muziki wa deth-metali. Wabwile aliimba, Kibet alipiga ngoma, Masakhalia alipiga gitaa na kurekodi. Kuimba kwenyewe kulikuwa kunguruma kutoka kooni, na nyimbo zote zilihusu makaburi.

Kila walikofanya mazoezi, majirani waliwafukuza. Wakahamia stoo ya mashine ya kusaga mahindi. Mashine ikinguruma, nani atauliza nani mwingine ananguruma?

Lakini Wabwile alikuwa na pumu, na stoo ilijaa vumbi la unga. Adhuhuri moja, wakirekodi wimbo wa nne, alianguka. Alikufa kabla ya kufikishwa hospitalini.

Miaka ishirini ikapita. Siku ya kulijengea kaburi la Wabwile kwa saruji, Kibet na Masakhalia walikuja na kaseti ya siku ile. Walitaka kuitoa upya, na walitaka kushika mwiko wa kupakia saruji pamoja na familia.

Sasa, ukoo wa Wabwile ulikuwa na desturi yake. Kabla saruji haijamwagwa, hutajwa mtu mmoja ambaye mkono wake ulikuwa mzito kuliko wote katika kifo kile. Huyo hurudi nyuma, wengine hufanya kazi. Akitajwa asiye yeye, na mwenye kosa akashika mwiko, kaburi humwita mtu mwingine wa nyumba ile afe. Na katika nyumba ile walibaki wawili tu: Mama, na Namaemba, dadake Wabwile.

“Wewe ndiye uliyemfuata tumboni,” Mama akamwambia. “Kasikilize, kisha utaje.”

Namaemba na wale wawili wakaingia sebuleni, wakaiwasha kaseti. Mashine ya kusaga ilisikika kwanza. Kisha ngoma, gitaa, ngurumo. Namaemba hakuitambua sauti ya kaka yake. Wimbo ulipokatika, akaitambua.

“Ngojeni. Kifua.”

“Moja ya mwisho, bana,” ilisema sauti ya Kibet. “Mwenye mashine anafunga saa saba.”

Pumzi ikasikika, ikipiga filimbi, karibu sana. Kisha Wabwile: “Haya. Washa.”

Masakhalia akazima.

Kibet alisema, “Shemeji, nitaje mimi. Aliomba kupumzika, nikamkatalia. Umesikia kwa masikio yako.”

“Wewe ulikuwa nyuma ya ngoma, hukusikia kitu,” Masakhalia akamjibu. “Mimi nilivaa hedifoni. Ile filimbi niliisikia tangu wimbo wa kwanza. Unajua nilifanya nini? Nilisogeza maikrofoni karibu. Nilisema moyoni, hii itatisha watu.”

“Basi atajwe marehemu,” Kibet akasema. “Si yeye aliyesema washa?”

“Marehemu atarudi nyuma aende wapi, mjinga wewe?”

Walicheka kidogo. Namaemba hakucheka.

“Pampu yake ya dawa ya pumu,” akasema. “Mlimuuliza iko wapi?”

“Alisema ameisahau nyumbani.”

“Hakuisahau. Niliificha ndani ya gunia la maharagwe. Mama alikuwa analia kila siku kwamba mtoto wake ameingiwa na pepo. Nilijua Wabwile hatoki bila pampu. Nilidhani ataitafuta, ataikosa, atakaa nyumbani.”

Kibet aliangalia mikono yake.

“Mama anajua?” Masakhalia akauliza.

“Hajui.”

“Basi hakuna wa kukutaja ila wewe mwenyewe. Nani mwingine ajue? Taja mmoja wetu, mambo yaishe.”

“Na nikikosea, kaburi litamwita nani?”

Nje, koleo lilikwaruza karai.

“Namaemba!” Mama aliita. “Saruji inaganda. Nani arudi nyuma?”

Namaemba akatoka, wale wawili nyuma yake. Mama alikuwa ameunyoosha mwiko mbele, akisubiri jina moja.

Haya, mliokaa mkasikiliza. Yule aliyesema moja ya mwisho, yule aliyesikia akasogeza maikrofoni, yule aliyeficha dawa, na yule aliyejua kifua chake akasema washa: mkono wa nani ulikuwa mzito zaidi? Je, Namaemba amtaje nani?