Nyasi za Mihambo

Mtu mmoja alikuwa na nyumba katikati ya nyasi, na nyasi zenyewe alizipenda kuliko hata shamba lake. Jina lake Mihambo. Alikuwa mrina asali, mtu wa miaka arobaini na kitu, mjane, mwenye miguu mirefu na kifua kisichojua kukohoa. Nawasimulia habari zake ninyi mliokuja hapa zahanati kupima presha, mkasikia leo kuna chanjo ya mafua, na sasa kila mmoja anautazama mlango. Kaeni, jamani. Mlango hauendi popote.

Katika misitu ile ya miombo, mvua zikishakatika, nyasi husimama hadi kifuani mwa mtu mzima. Mwezi wa tano bado zina ubichi kwa chini. Mwezi wa saba zimegeuka rangi ya asali. Kisha huja siku ndefu ambazo moshi wa mbali umetanda mwembamba juu ya kila kitu, jua linachomoza jekundu na kutua jekundu, na mtu aliyekaa kizingitini hajui kama amesinzia au yu macho. Ni katika siku hizo moto mkubwa hupita. Hakuna ajuaye unapoanzia. Mwaka mmoja hupita mbali, mwaka mwingine hupita uani kwa mtu, na ukishafika hauulizi mwenye nyumba ni nani.

Watu wa pale walikuwa na desturi yao. Nyasi zikiwa nusu kavu nusu mbichi, kila nyumba ilifyeka ukanda wa hatua ishirini kuizunguka, ikaziacha zile zilizofyekwa zikauke wiki mbili, kisha ikazichoma jioni upepo ukitulia, kwa moto mdogo uliolindwa na majirani wenye matawi mabichi mkononi. Ardhi ilibaki tupu. Moto mkubwa ulipokuja ulikuta hapana cha kula. Na kwa kuwa nyasi huota tena kila masika, kazi hiyo ilirudiwa kila mwaka, maana ukanda wa mwaka jana ulikuwa umeshafunikwa. Aliyeisimamia alikuwa mama mmoja jirani yake Mihambo, jina lake Nyanzobe. Yeye ndiye aliyepanda mlimani kila mwaka kutazama nyasi zimesimama vipi na upepo umeegemea wapi, akashuka na kuwaambia watu safari hii wafyeke zaidi upande gani. Siku ya kuchoma ilipofika, alipita nyumba hadi nyumba na kijinga cha moto ndani ya kigae cha chungu, amekifunika kwa majivu.

Alipofika kwa Mihambo mwaka ule, kumwuliza ataanza lini kufyeka, Mihambo alimkaribisha vizuri, akampa asali kwenye kibakuli, akakataa.

Sababu alikuwa nazo tele, na zote zilisikika za maana. Mwaka juzi alipochoma ukanda, moshi ulimwasha macho siku mbili, akalala na kichwa kizito, na kipande cha ua wa nyuma, urefu wa mkono mmoja, kikaungua. Habari hiyo aliisimulia kilabuni kila Jumamosi, na kila alipoisimulia ule ua ulizidi kurefuka, mpaka mgeni angedhani mji mzima uliteketea. Tena mwaka jana hakuchoma kitu, na moto haukumfikia. Halafu kulikuwa na miguu yake. "Moto ukija nitauona, dada Nyanzobe," alisema. "Na nikiuona nitakimbia. Mimi huyu?" Akajipiga paja, akacheka.

Lakini ilikuwapo sababu nyingine ambayo hakuisema, nayo ndiyo ilikuwa ya kweli. Zile nyasi alikusudia kuezekea upya paa la mama yake, aliyeishi naye pale pale. Alizitaka zisimame mpaka mwezi wa kumi, zikomae, ziwe ndefu na ngumu, ili bibi yule asivujiwe tena na mvua. Kwa hiyo aliziacha zimzunguke mlangoni, karibu, azione zinavyonona. Mtu anaweza kumpenda mama yake kwa moyo wote na bado akampangia kuni hadi kizingitini. Mihambo hakuliona hilo, wala hakuwa mjinga.

Mama mwenyewe, Bibi Kalunde, magoti yalikuwa yamegoma na kifua kilikoroma kila kipupwe kilipoingia. Siku nzima alikaa juu ya ngozi mlangoni, akisikiliza nyasi. Alikuwa amefika umri ule ambao ndoto na mchana vinaanza kuingiliana, na mara nyingine alizungumza kwa sauti ya chini na ndugu waliokufa zamani, akiwauliza habari za ng'ombe, akingoja jibu, akiitikia kwa kichwa. Nyanzobe alikaa naye siku ile. Hakumkaripia Mihambo. Alimweleza yote bila kuficha: kwamba ni kweli moshi huwasha, kwamba kuna mwaka yeye mwenyewe alichoma ukanda wake na bado cheche zikaruka kwa upepo, zikala nusu ya paa la jiko, nyumba ikabaki. "Siwezi kukuapia hutaona moshi, mdogo wangu," alisema. "Lakini hesabu waliochoma, uniambie wangapi wamewahi kulala nje." Mihambo alikuna shingo. Alisema atafikiria. Nyanzobe akamshukuru kwa asali, akaenda nyumba ya pili.

Basi Mihambo akafikiria. Kufikiria kwake kulikuwa kulala chali katikati ya nyasi mchana, mikono chini ya kichwa, akitazama mwewe akizunguka. Nyuki walipita juu yake wakienda na kurudi. Nyasi ziliinama, zikainuka. Wiki ilipita, ikapita nyingine, na hakuweza kusema ni lini hasa aliamua kutofanya kitu, kwa sababu hakuamua. Majirani walifyeka, wakachoma. Jioni aliona mioto yao midogo ikitambaa huku na huku, myekundu, mitulivu, na watu wakiimba. Alipendezwa nayo. Akaingia ndani akala.

Asubuhi moja mama yake alimwomba amletee shuka lake, kikombe chake na fimbo. Alivifunga pamoja kwa upande wa kanga, polepole, kisha akamwambia ambebe ampeleke kwa Nyanzobe, akae kule mpaka mvua zinyeshe. Mihambo alihisi uso unawaka. Kwa watu wale, mama akihama kutoka kwa mwanawe wakati mwana yu hai, hakuna anayeuliza kwa nini. Kila mtu anajijibu mwenyewe, na jibu halimpendezi mwana. Alimsihi. Alimkumbusha paa. Alimwuliza kama amemkosea chakula, kama amemkosea maneno. Bibi Kalunde alisema hajakosewa chochote, na kwamba anataka tu kukaa kwenye mlango ambao akitazama nje anaiona ardhi.

Basi akambeba mgongoni. Alikuwa mwepesi yule mama, Mihambo alikwisha kubeba mizinga mizito kuliko yeye, na hatua hamsini za kwanza alikwenda akijisemea kwamba ni aibu ya siku chache tu, itasahaulika. Kisha njia ikawa nyembamba. Nyasi zilimfika kifuani, zikamgusa mama miguuni, zikamshika kanga, ikabidi asimame aichomoe. Magoti ya mama hayakuweza kumbana, kwa hiyo kila baada ya hatua kumi aliteleza, na Mihambo akalazimika kuinama na kumpandisha upya. Akasikia pumzi yake shingoni, fupi fupi, inakwaruza.

Hapo wazo likamjia, sijui limetoka wapi. Alijiuliza: je, kama moto ungekuja sasa? Hakumwambia mama. Akakaza mikono, akaanza kukimbia. Miguu ile ile aliyoisifu, mirefu, yenye nguvu. Alipiga hatua saba, nane. Mama akaguna, kifua kikambana, kikohozi kikamshika hata mwili mzima ukatikisika mgongoni mwa mwanawe, na Mihambo akasimama kwa sababu hakukuwa na namna nyingine. Jasho lilimtiririka. Alitazama mbele, nyumba ya Nyanzobe ilikuwa mbali bado. Alitazama nyuma, nyumba yake ilikuwa pale pale, kama hajaondoka. Na pande zote nyasi, kavu, zikisema lile neno lao moja alilokuwa akilisikiliza mama siku zote. Hakuwahi kulisikia kabla.

Mama alidhani amechoka. Akampapasa bega kwa kiganja, kwa huruma ile ya mama zetu wanaomwita mtoto wa kiume baba, akamwambia:

"Pumzika, baba. Leo hakuna moto."

Hakusema hivyo kumsuta. Mimi naamini hata hakujua uzito wa alichosema. Lakini Mihambo aliogopa. Lo, aliogopa! Aliogopa kuliko siku yoyote ya maisha yake, na mbele yake hapakuwa na kitu cha kutisha, jua tu na nyuki na asubuhi nzuri. Alimfikisha mama kwa Nyanzobe, akamkalisha, akamfunika miguu. Hakutaka chai. Aliomba fyekeo.

Alifyeka siku tatu mfululizo mpaka viganja vikatoka malengelenge. Nyasi zilizofaa kuezekea alizifunga mafungu, akayahamishia ng'ambo ya mto, kwenye miamba. Zilizobaki aliziacha zikauke, na wiki mbili hizo zilimchosha kuliko kufyeka, kwa sababu kila harufu ya moshi ilimtoa kitandani. Hatimaye Nyanzobe akaja na kigae chake, majirani wakaja na matawi yao, hakuna aliyemwuliza alikuwa wapi siku zote, wakachoma. Macho yalimwasha siku mbili. Alilalamika sana, maana tabia haimtoki mtu kwa wiki tatu. Kisha akaenda kumrudisha mama yake nyumbani.

Moto mkubwa ulikuja mwezi wa tisa, saa nane mchana. Walianza kupita ndege, wakafuata panya, kisha pakawa kimya, na katika kimya kile majivu meupe yakaanza kushuka taratibu juani, yakitua juu ya ile ngozi mlangoni bila sauti. Bibi Kalunde alikuwa ndani amelala. Mihambo alisimama nje na tawi bichi. Moto ulifika ukingoni mwa ukanda, mrefu kuliko nyumba. Hapo ukainama. Ulikwenda kushoto kutafuta, ukarudi kulia. Cheche chache ziliruka, akazipiga zikafa. Halafu ukaziona nyasi za bondeni, ukazifuata, ukaenda zake na ngurumo yake ikififia mpaka mtu angeweza kudhani aliiota.

Mihambo akaketi kwenye ardhi tupu akalia machozi, mtu mzima na miguu yake mirefu. Hakuna aliyekuja kumpongeza. Nani ampongeze mtu kwa nyumba ambayo haikuungua? Alasiri mama aliamka, akaomba maji, akauliza mbona hewa inanuka moshi. Alipoambiwa kwamba moto mkubwa umepita, alikataa katakata. Alisema moto haupiti mtu amelala asiusikie. Akanywa maji yake, akaendelea na mazungumzo yake na wale ndugu zake.

Sasa, mmoja wenu hapa benchini ameniambia kwamba yeye ana afya, kwake mafua ni siku tatu za kulala na supu ya moto. Namwamini. Mwingine anasema mwaka juzi alichomwa, mkono ukamuuma na mwili ukachoka usiku mmoja. Hilo nalo ni kweli, hutokea, ingawa sindano hii haimtii mtu mafua; kazi yake ni kukufyekea ukanda, na kila mwaka hufyekwa upya. Sitabishana na miguu ya mtu. Nina swali moja, na ningependa ulijibu huku unakunja mkono wa shati: nyumbani kwako, saa hizi tunapozungumza, ni nani amelala usingizi mzito akiamini kwamba wewe umeshafyeka?