Usukani Ulioguna na Jina la Mtoto

Sogeeni. Anayetafuna ameze kwanza, maana mimi sirudii.

Walikuwapo wanawake watatu huko milimani Usambara. Mwajabu alikuwa na sikio: kazi yake kusaga mahindi mashineni, na alijua mashine inaumwa wapi kabla haijazima. Chausiku alikuwa na pua: alikaanga maandazi, na mafuta yaliyochoka hayakumdanganya. Hidaya alikuwa na subira. Angefanyaje? Mumewe alikuwa Shekiondo.

Shekiondo huyo alikuwa na wake wawili na gari moja kuukuu, na hakuna alichokimudu sawasawa. Gari likikata kona linaguna kama ng'ombe anayezaa. Dawa yake? Kuongeza sauti ya redio.

Basi mke mdogo, Rukia, mimba ikakomaa. Nesi wa zahanati akampapasa, akasema, "Mtoto amelala mkingamo, hakutanguliza kichwa. Ashushwe hospitali ya bondeni leo hii." Na barabara ya kushuka ni kona juu ya kona, korongo pembeni. Fundi yuko msibani ng'ambo ya mlima. Gari jingine hakuna.

Mwajabu, dadake Shekiondo, akasimama kando ya gari. "Zima redio. Haya, nenda mbele." Likaenda bila kuguna. "Simama. Zungusha usukani." Likaguna.

"Ni tairi hilo," akasema Shekiondo.

"Tairi la kichwa chako! Tairi gani linaguna gari limesimama? Ni usukani, kaka. Mashine yangu ikivuta upepo badala ya mafuta hulia hivi hivi."

Wakafunua boneti. Kichupa cha mafuta ya usukani kilikuwa karibu kitupu, mpira wake umelegea, unavuja. Wakaukaza.

Shekiondo akakimbilia dukani, akarudi na mafuta ya aina ile ile iliyoandikwa kwenye kifuniko. Akataka kujazia juu. Chausiku, jirani yao, akamdaka mkono. Akachovya kidole, akanusa.

"Haya yameungua, baba. Meusi kama chai ya msibani. Ukimimina mapya humu umeyaua mapya. Ningekufanyia hivyo kwenye maandazi, si ungenitangaza mtaa mzima?"

Wakayafyonza kwa bomba la sindano, wakamimina mapya, mekundu kama juisi ya rozela.

"Twende!" akasema Shekiondo.

"Twende wapi na povu lote hili kwenye kichupa?" Huyo ni Hidaya, mke mkubwa. Yeye na Rukia hawakuwa wamesemezana tangu siku Rukia alipoolewa. Jeki ikainua magurudumu ya mbele. Injini ikiwa imezimwa, Hidaya akaketi, akazungusha usukani kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, polepole, upepo ulioingia kwenye mafuta ukitoka. Mafuta yakageuka meusi tena. Wakafyonza, wakajaza, akazungusha. Akabadili mkono, akazungusha tena.

Rukia alikuwa kwenye mkeka, ameuma khanga. "Dada," akasema, "pumzika."

"Pumzika wewe mwenye mzigo."

Hayo ndiyo yaliyokuwa maongezi yao ya kwanza.

Mafuta yakabaki mekundu, povu likaisha. Wakalishusha, wakaliwasha, wakazungusha usukani: halikuguna. Wakapanda wote, wakashuka mlima, kila kona usukani ukatii. Hospitali wakampasua Rukia, akatoka binti, analia kwa hasira. Mama mzima, mwana mzima.

Sasa, kwa watu wa huko, anayeokoa mama na mwana ndiye somo wa mtoto: mtoto hupewa jina lake, humchotea maji uzeeni, na siku yake ikifika humlilia kama mamaye.

"Nimwite nani?" akauliza Rukia.

Shekiondo akakohoa. "Usukani niliushika mimi..."

"Wewe kashukuru redio," akasema Mwajabu.

Mwajabu hakujaliwa kuzaa. Chausiku alizaa binti mmoja, akamzika. Hidaya ana wanawe, ila katika nyumba ile, mpaka siku hiyo, hakuwahi kuwa na wa kumwita dada. Hakuna aliyeomba mtoto apewe jina lake. Kila mmoja alimpakata mtoto kwa zamu, na kila mmoja alichelewa kumrudisha.

Haya. Bila sikio wangekuwa bado wanapiga tairi mateke. Bila pua, mafuta mapya yangeozea kwenye ya zamani. Bila subira, upepo ungebaki ndani na korongo lilikuwa linawasubiri. Na msiniambie apewe majina yote matatu. Huyo ni mtoto, si msafara wa harusi.

Rukia anawatazama. Mtoto amelala kifuani, hana jina. Je, ungekuwa wewe, ungemwita nani?